Barua Isiyo na Tarehe

Kengele ya mapumziko ilipolia, wajumbe wa Baraza la Mkoa waliukimbilia mtungi wa chai kama watu waliotoka kulima, ingawa asubuhi nzima hakuna aliyeinua kitu kizito kuliko mkono wa kuunga hoja. Mkunga hakuifuata chai. Alibaki kwenye kiti chake cha thelathini na sita, cha mwisho kabisa, safu ya nyuma ukutani, kule ambako vipaza sauti viliharibika zamani na havikutengenezwa kwa sababu wakubwa walikaa mbele. Alikuwa anahesabu kwa vidole. Alihesabu mara ya tatu, na jibu likawa lile lile: watu watatu. Wakipatikana watatu wa kusema hapana, hoja inakufa. Wakiwa wawili, inapita.

Hoja yenyewe ilikuwa ya sita kwenye ratiba ya siku ile. Baraza lilikuwa na wajumbe thelathini na sita, na kumi kati yao walikuwa wanawake wa viti maalumu, maana kwenye kata watu walikuwa hawajamchagua mwanamke hata mmoja tangu Baraza lianze. Sasa chama tawala kilitaka viti hivyo kumi vibaki vinne, na sita vigeuzwe viti vya wataalamu. Majina ya wataalamu hao sita yalishajulikana mjini hata kabla taaluma zao hazijajulikana.

Kubadili kanuni kulihitaji kura ishirini na nne za ndiyo, na chama kilikuwa na wajumbe ishirini na sita. Wapinzani kumi walishaapa kusema hapana. Si kwamba waliwapenda wanawake sana, la. Hoja ilitoka ng'ambo ya pili ya ukumbi, basi. Hata kama huko wangependekeza jua lichomoze mashariki, wangelipinga. Kwa hiyo mzigo wote uliwaangukia wanawake sita wa chama chenyewe (wanne waliobaki walikuwa upinzani), ambao walitakiwa wainuke mmoja mmoja na kukubali kufutwa.

Na wangekataaje? Kila mmoja wao, siku alipoteuliwa, alitia sahihi barua ya kujiuzulu isiyo na tarehe. Barua hizo zilikaa kwenye droo ya Mnadhimu wa chama, yule ambaye kazi yake ni kuhakikisha kila mjumbe anapiga kura kama alivyoelekezwa. Mbele yake walimwita Mheshimiwa. Akishapita walimwita Kufuli.

Mkunga aliikumbuka siku yake vizuri. Aliyemletea karatasi hakuwa Kufuli. Alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, kiongozi wa wanawake wa chama na mmoja wa wale sita, mama mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima bila kipaza. Alimkuta anatoka zamu ya usiku kwenye wodi ya wazazi, macho mekundu, viatu mkononi.

"Tia sahihi hapa, wifi. Mambo ya ofisini tu."

"Mbona haina tarehe?"

"Tarehe ya nini? Kwani unakwenda wapi?"

Wakacheka. Ni mawifi, walizoea kutaniana hata msibani. Mkunga akatia sahihi akiwa ameegemea ukuta, akaenda zake kulala. Miaka mitatu sasa, na kicheko kile kilikuwa kimegeuka mwiba wa samaki kooni.

Mwalimu na Fundi, wawili kati ya wale sita, walimfuata pale nyuma. Mwalimu alifundisha hesabu kwa miaka ishirini na alikuwa na tabia ya kumtazama mtu kama anayesahihisha daftari lake. Fundi alikuwa mshonaji, mdogo wao wote, ameolewa juzijuzi, na mama mkwe wake alikuwa hajachoka kutangaza kwa majirani kwamba ana mkwe mheshimiwa.

"Mimi nimo," alisema Mwalimu bila kukaa. "Nilishawaambia jana, nimo. Wanifukuze. Chaki haijaisha duniani."

"Na wewe, mdogo wangu?" Mkunga aliuliza.

Fundi alikuwa anavuta uzi kwenye pindo la mtandio wake. "Nimo, dada. Lakini msiniangalie wakati ule. Mkiniangalia nitalia."

"Lia tu. Ila ukilia sema hapana."

Walicheka kidogo, kicheko cha watu wanaosubiri majibu ya hospitali. Hawakutaja wale wanawake wengine wawili wa chama, kwa kuwa hao walishampa Kufuli neno lao tangu jana. Wala hawakumtaja wifi. Hakukuwa na haja. Mnajua mtu kazoea kuitikia ndiyo mpaka akiulizwa jina lake anaitikia ndiyo? Ndiye huyo.

Kabla chai haijapoa, mhudumu wa ofisi alikuja kumwambia Mkunga anaitwa na Mnadhimu.

Ofisi ya Kufuli ilikuwa na meza yenye kioo juu, na chini ya kioo kulikuwa na picha zake akipeana mikono na watu wakubwa kuliko yeye. Alimkaribisha kwa upole uliomtisha Mkunga kuliko ukali. Kisha akafungua droo, akatoa faili la kijani, akachambua, akaweka karatasi moja juu ya kioo. Mkunga aliiona sahihi yake, imelala upande kama mtu aliyechoka.

"Unaikumbuka hii, dada yangu?"

"Naikumbuka."

Kufuli akachukua kalamu. Pole pole, kama anayemwandikia mtoto herufi za kufuatisha, akaandika mwezi, akaandika mwaka. Akaacha nafasi wazi mbele ya mwezi.

"Siku sijaiandika," alisema. "Siku utaisema wewe mwenyewe ukumbini."

Mkunga alikasirika kwa kuwa aliogopa, na akaogopa kwa kuwa alikasirika.

"Hoja ya saba ni yako, si ndiyo?" Kufuli aliendelea. "Bomba la maji la wodi ya wazazi. Umeihangaikia miaka mitatu. Sasa sikiliza. Ukisema ndiyo kwenye hii ya sita, kura zetu zote ni zako kwenye ya saba. Leo hii hii. Mwezi ujao mafundi wanachimba. Ukisema hapana, barua inakwenda kwa Spika hapo hapo, na wewe si mjumbe tena. Bomba lako litasemewa na nani?"

Hapo ndipo alipomshika, na Kufuli alijua. Mkunga alikuwa amefanya kazi kwenye wodi ile miaka ishirini na mitatu. Mama mjamzito alipokelewa akiwa na ndoo yake ya maji. Asiye na ndoo alirudishwa getini aitafute, uchungu umemshika au haujamshika. Wauguzi walikuwa wanaosha mikono kwa kikombe, mmoja anamwagia mwenzake. Alishawahi kumpokea mtoto akiwa na maji ya nusu kikombe, na yule mama alikufa siku ya nne kwa homa, na Mkunga alijua kwa nini, na kwenye fomu kulikuwa hakuna mahali pa kuandika sababu ile. Viti maalumu ni maneno. Bomba ni bomba.

Alisimama. "Mheshimiwa, wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo."

"Mimi watoto wangu saba wananitosha," Kufuli alijibu, akatabasamu, akarudisha barua kwenye faili. Lakini droo hakuifunga. Faili alilitia kwapani.

Kwenye korido wifi alikuwa anamngoja, ameshika kikombe cha chai kisichonywewa.

"Usinitie aibu, wifi yangu. Mimi ndiye niliyekuleta hapa."

"Ulinileta na barua mkononi."

"Sote tulitia sahihi!" Ile ilikuwa kunong'ona, lakini kunong'ona kwake kulifika mpaka kwenye mtungi wa chai, na vichwa viwili vitatu vikageuka. Akajirekebisha. "Yangu mimi ina miaka kumi na minne. Karatasi imekuwa ya njano. Unadhani mimi sioni? Naona. Lakini mtu aliyemo ndani anaweza kufanya kitu. Akishatoka ni msindikizaji."

"Miaka kumi na minne umefanya kitu gani?"

Neno lilimtoka kabla hajalipima, na maji yakimwagika hayazoleki. Wifi alimtazama kama aliyepigwa kofi hadharani. Kisha akakiweka kikombe dirishani, akaingia ukumbini. Mkunga hakumwonea huruma. Tuseme ukweli: dakika ile alimchukia, sauti yake, mwendo wake, hata undugu wao.

Milango ikafungwa. Askari wa ukumbi akazungusha ufunguo, na Karani wa Baraza akasimama na orodha yake. Pale kura za kanuni hupigwa kwa namba ya kiti, ili pasiwe na mtu wa kusema hakusikika jina lake.

"Kiti cha kwanza."

"Ndiyo."

"Kiti cha pili."

"Ndiyo."

Ilikwenda hivyo, ndiyo na hapana zikipishana, na Mwalimu akiweka mistari kwenye karatasi kama anayehesabu mahudhurio. Kiti cha thelathini kilipojibu, zilikuwa ndiyo ishirini na hapana kumi, vile vile kila mtu alivyotazamia. Waliokaa mbele wakageuza viti vyao kutazama safu ya nyuma. Huenda ilikuwa mara ya kwanza kuitazama tangu wachaguliwe.

"Kiti cha thelathini na moja."

"Ndiyo," alisema wifi. Alisema kwa sauti ndogo, na sauti ndogo haikuwa yake.

Wale wawili waliofuata walisema ndiyo haraka haraka kama wanaomeza dawa chungu. Ishirini na tatu. Ilibaki moja tu. Moja kati ya tatu, na Kufuli alikuwa amelifungua faili magotini.

"Kiti cha thelathini na nne."

"Hapana," alisema Mwalimu, na akaongeza, "na hesabu yenu ni mbovu."

"Kiti cha thelathini na tano."

Mkunga alitazama mbele kama walivyoagana. Alisikia uzi ukikatika kwenye mtandio. Alisikia pumzi ikivutwa na kurudi, ikivutwa na kurudi, na akazitambua pumzi zile. Alizisikia miaka ishirini na mitatu, ni za mtu aliyefika mahali ambapo hawezi kurudi nyuma na mbele anapaogopa. Mkono wake ukaenda wenyewe, ukamkuta Fundi kwenye kiganja, ukabana.

"Kiti cha thelathini na tano!"

"Hapana." Kisha kilio, kikubwa, cha wazi, na mtu mmoja mbele akacheka.

"Kiti cha thelathini na sita."

Mkunga alidhani jibu analo. Alikuwa nalo tangu juzi. Lakini alipofungua mdomo, ndiyo ilikuwa pale, juu ya ulimi, nyepesi kabisa, na nyuma yake kulikuwa na bomba, maji yanamwagika kwenye karai jeupe. Neno moja tu. Mwalimu na Fundi wangemlaani, lakini wanawake wa wodini wangepata maji, na ni nani kati yao angejua maji yalikuja kwa neno gani? Alisimama.

Akawatazama waliogeuza viti. Wanaume ishirini na sita, wote walizaliwa, hakuna aliyeshuka na mwavuli kutoka mbinguni. Baraza lile lilikuwa na miaka thelathini, na kabla ya Mkunga kuingia hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kulitaja bomba lile. Leo ni bomba. Kesho kitakuwa kitu kingine ambacho hawa hawakioni, na safu hii ikishakaliwa na wataalamu wa Kufuli, nani atakisema?

"Hapana," alisema.

Karani aliinua kichwa. "Sijasikia. Kipaza cha huko hakifanyi kazi. Rudia."

Walimwengu! Kulisema mara moja kulikuwa kumemmaliza nguvu zote, na sasa arudie. Kufuli alikuwa amemgeukia mzima mzima, kalamu mkononi, nyusi juu, kama anayempa nafasi ya mwisho ya kufikiri. Mkunga alivuta pumzi toka tumboni, kama alivyowafundisha wanawake elfu na zaidi.

"Hapana! Kiti cha thelathini na sita kinasema hapana!"

Ndiyo ishirini na tatu. Hoja ilikuwa imekufa. Wapinzani walipiga meza kwa viganja kana kwamba ushindi ni wao, na katika kelele zile Kufuli aliandika tarehe mara tatu, bila haraka, akaenda mbele, akaweka karatasi tatu juu ya meza ya Spika. Spika alizisoma moja moja. Hakuwa mtu wa kuuliza maswali. Alitangaza kwamba wajumbe watatu wamejiuzulu kwa hiari yao, kwamba Baraza linawashukuru kwa utumishi wao, na kwamba askari wa ukumbi awafungulie mlango.

"Kwa hiari!" alisema Mwalimu. "Tutaonana mahakamani kwa hiari."

Mkunga aliziacha kwenye kiti karatasi zake za hoja ya bomba, alizoziandika kwa mkono wiki nzima. Zilikuwa za mjumbe, na yeye hakuwa mjumbe. Alimshika Fundi mkono na kupita naye mbele ya safu, mbele ya wifi, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa, na Mkunga wala hakumtazama.

Nje, kwenye korido, askari yule alifunga mlango nyuma yao kisha akabaki ameshika ufunguo, ana haya. Mke wake alijifungulia wodi ile ile. "Mama," alisema, "wageni hukaa kule juu. Mkitaka kusikiliza."

Wakapanda. Jukwaa la wageni lilikuwa na mabenchi manne na vumbi. Kutoka kule juu safu ya nyuma ilionekana vizuri, na viti vitatu vilivyo wazi, na karatasi nyeupe juu ya kile cha mwisho.

"Hoja ya saba," Spika alikuwa anasema. "Mwenye hoja hayumo tena katika Baraza. Kanuni inanitaka niulize mara tatu kama yupo mjumbe wa chama chake atakayeichukua. Asipokuwepo, hoja inaanguka. Yupo?"

Wapinzani walikuwa bado wanapongezana. Wa chama walikuwa wanamtazama Kufuli, na Kufuli alikuwa anatazama saa.

"Mara ya pili. Yupo?"

Mkunga alifumba macho. Alikuwa amejiambia kwamba yuko tayari kwa hili, na hakuwa tayari hata kidogo. Alimwona yule mama wa siku ya nne, uso wake, jinsi alivyokuwa akiomba radhi kwa kusumbua. Nisamehe, alimwambia moyoni. Nisamehe, nilikuwa na neno moja tu na nimelitumia kwingine.

"Mara ya tatu na ya mwisho."

Kiti kiliburuzwa sakafuni. Mkunga alifumbua macho. Wifi alikuwa amesimama. Alipita nyuma ya wale wawili, akapita viti viwili vilivyo wazi, akafika cha thelathini na sita na kuokota zile karatasi. Kufuli aligeuka akampungia mkono akae. Hakukaa. Kufuli akaligusa lile faili la kijani kwa kidole, mara mbili, kila mtu aone.

"Yangu iko chini kabisa, mwanangu," alisema wifi, na sasa sauti ilikuwa yake, haikuhitaji kipaza wala kibali. "Itoe taratibu. Karatasi imechoka, usije ukairarua. Mheshimiwa Spika, kiti cha thelathini na moja. Naichukua."

Mwalimu alisema kitu, Mkunga hakukisikia. Alikuwa ameshika ukingo wa jukwaa kwa mikono miwili, machozi yanamtoka bila mpango, na alitamani kumwomba wifi yake msamaha na alitamani kumzaba kofi kwa miaka kumi na minne, vyote kwa pamoja.

"Soma," alisema Spika kwa kinyongo.

Wifi alivaa miwani. Alisoma jina la hoja. Alisoma habari ya ndoo na ya kikombe, pole pole, na wanaume wa mbele wakaacha kunong'ona. Kisha akafika mahali akakwama. Akaisogeza karatasi karibu, akaipeleka mbali. Mwandiko wa wauguzi ni balaa.

"Wodi hiyo ina vitanda..." alisema. "Vitanda..."

Kufuli alianza kucheka.

"Kumi na tisa!" Mkunga alipiga kelele kutoka juu. "Vitanda kumi na tisa, na wazazi huwa arobaini!"

Spika aligonga meza. "Mgeni huyo anyamaze au atolewe!"

Askari alipanda ngazi mbili, akasimama hapo hapo, akajifanya anatafuta ufunguo. Chini, wifi hakugeuka wala hakuinua macho. Alilamba kidole, akafungua ukurasa wa pili.

"Vitanda kumi na tisa," alisema, "na wazazi huwa arobaini." Akaendelea kusoma.